SISIMIZI HAWANA MWENYEKITI

Mtu akitaka kuwasifu watu kwa umoja wao huwaita sisimizi. Akitaka kuwadharau kwa wingi wao huwaita sisimizi vilevile. Sifa na dharau zinapikwa katika chungu kimoja, na kuni zake ni imani moja tu: kwamba sisimizi wote ni sawa, kwamba ukimwona mmoja umewaona wote, kwamba katika ule msafara wao mrefu wa ukutani hakuna mwenye haraka wala mzito, hakuna mbishi wala mwepesi wa kuridhika.

Imani hiyo si kweli. Historia ya jinsi binadamu alivyokuja kugundua kuwa si kweli ni ndefu. Ina watu wa ajabu ndani yake, ina vita, ina minazi ya Unguja, na inatuhusu sana sisi tunaotaka kuandika riwaya. Maana na sisi tuna umati katika hadithi zetu. Fungua miswada yetu uone: umati ukapiga kelele, wanakijiji wakakubali, wananchi wakaandamana. Umati gani huo? Nani alianza kupiga kelele? Nani alikubali kwa shingo upande? Hatusemi, kwa sababu hatujui. Tumewaandika watu kama tulivyodhani sisimizi walivyo.

Na historia tuliyosomeshwa nayo ina milango miwili tu. Ukiingia huu, kiongozi mmoja aliamua na wengine wakafuata. Ukiingia ule, "wananchi" waliamua, wote kwa pamoja, kama mtu mmoja mwenye mdomo mkubwa. Hebu ndugu msomaji tuwafuate sisimizi, tuone kama hakuna mlango wa tatu.

WAZEE WALIOTANGULIA

Wa kwanza kutajwa siku zote ni Suleiman. Katika Biblia, kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu aende kwa chungu akajifunze, na kinaongeza jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: kwamba mdudu huyo hana mkubwa, hana msimamizi, hana mtawala, na bado anaweka akiba. Katika Kurani imo sura nzima yenye jina la wadudu hao, na humo sisimizi mmoja anawaonya wenzake waingie makaoni mwao wasije wakakanyagwa na majeshi ya Suleiman bila wao kujua. Angalia vizuri hapo. Halikuona kundi. Aliona mmoja, akasema mmoja, na nabii akatabasamu kwa maneno ya huyo mmoja.

Wataalamu wa Ulaya walichelewa kufika hapo. Mfaransa René Antoine Ferchault de Réaumur aliandika juu ya sisimizi katika miaka ya 1740, lakini mswada wake ukalala bila kuchapwa hadi mwaka 1926. (Wenye miswada iliyolala uvunguni, jipeni moyo!) Kwa hiyo aliyesikika kwanza ni kijana wa Uswisi, Pierre Huber wa Geneva, mtoto wa François Huber, yule kipofu aliyewajua nyuki kuliko wenye macho. Mwaka 1810 Pierre alitoa kitabu chake juu ya sisimizi wa nchi yake. Huko anasimulia jinsi alivyowatazama wakijenga vyumba vyao vya udongo. Mmoja alikuwa ameanza kuezeka dari kutoka kwenye ukuta mfupi, dari ambayo isingekutana sawasawa na ukuta wa upande wa pili. Akaja sisimizi mwingine, akakagua, akabomoa kazi ya mwenzake, akainua ukuta na kuanza dari upya.

Huber aliandika kisa hicho kama ushahidi wa akili ya mdudu. Mimi nakisoma vingine. Kama sisimizi wote wangekuwa sawa, dari ile mbovu isingebomolewa, kwa sababu kila aliyepita angeiona nzuri. Nyumba iliponea kwa mmoja aliyekuwa na jicho tofauti.

Kisha akaja Mwingereza John Lubbock. Huyu alikuwa mwenye benki, mbunge, na ndiye aliyesukuma sheria ya mwaka 1871 iliyowapa Waingereza sikukuu za mapumziko ya benki. Jamaa huyo, baada ya kuwapumzisha watu, alirudi nyumbani kuwachunguza wasiopumzika. Aliwatia sisimizi alama za rangi mgongoni ili amjue huyu na yule. Aliwahi hata kuwalewesha, akaona wenzao wakiwabeba walevi wa nyumbani kwao kuwarudisha ndani, na walevi wa ugenini wakitupwa majini. Lakini jambo kubwa lilikuwa dogo zaidi. Katika kundi moja aliona kwamba wanaotoka kufuata asali ni wawili watatu tu, walewale kila siku. Akawakamata, akawafungia. Wakatoka wengine, nao wachache, wakashika zamu. Kitabu chake kikatoka mwaka 1882. Ile rangi ya mgongoni ndiyo iliyofungua njia: kabla yake sisimizi hawakuwa na majina, na asiye na jina hana historia.

MWILI MMOJA, SELI NYINGI

Hapo ungetegemea mambo yanyooke. Wapi bwana! Mwaka 1911 Mmarekani William Morton Wheeler, huyohuyo aliyekuja kuuchapa mswada wa Réaumur, alichapisha hotuba iliyosema kwamba kundi la sisimizi ni kiumbe kimoja. Malkia ni kama viungo vya uzazi, wafanyakazi ni kama seli za mwili. Fikra hiyo ni nzuri, na bado ina faida zake hadi leo. Lakini ina bei yake. Nani huuliza seli ya goti lake ina tabia gani? Sisimizi aliyepewa rangi na Lubbock akafutwa rangi tena.

Na wako waliochukua fikra za namna hiyo wakazihamishia kwa watu. Mfano wa kutisha ni Auguste Forel wa Uswisi. Mtu huyu alikuwa bingwa. Kitabu chake cha mwaka 1874 juu ya sisimizi wa Uswisi kilimpa sifa dunia nzima, na miaka mingi baadaye sura yake ikawekwa kwenye noti ya faranga 1000 ya nchi yake, sisimizi wakiwa upande wa pili. Aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli mjini Zürich. Lakini Forel huyohuyo alihubiri kwamba watu aliowaona hawafai wazuiwe kuzaa, ili jamii isafishike. Siwezi kusema sisimizi ndio waliomfundisha hivyo. Nasema tu kwamba macho yaliyoona tofauti ndogo kabisa kati ya mdudu na mdudu yalipogeukia binadamu yaliona tofauti kuwa uchafu. Hilo tuliweke moyoni, maana tutarudi kwalo.

CHUPA ZA PEKING

Twende sasa China, mwaka 1937. Katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Peking, alikuwako profesa aliyejulikana kwa utafiti wa urithi katika samaki wa dhahabu, akiandika kwa jina la Shisan C. Chen. Alichukua sisimizi 36, wale weusi wakubwa wanaochimba udongo, akawaweka kwenye chupa zenye mchanga, akakaa na saa na mizani. Swali lake lilikuwa la kijiweni kabisa: mtu akiwa peke yake na akiwa na wenzake, anafanya kazi sawa?

Jibu ni hapana. Sisimizi akiwa peke yake alichukua kama saa tatu kabla hajaanza kuchimba. Wakiwa wawili walianza baada ya kama nusu saa, na udongo aliotoa kila mmoja uliongezeka zaidi ya mara tatu. Wakiwa watatu, karibu vilevile. Alipowatenganisha tena, wakarudi kwenye uzito wao wa mwanzo.

Watu wengi huishia hapo na kusema: umeona, umoja ni nguvu. Lakini Chen hakuishia hapo. Katika makala yake ya pili ya mwaka huohuo aliuliza: je, wote ni sawa? Akakuta hapana. Wako wanaoanza mapema na kuchimba sana, na wako wazito. Akawaita viongozi na wafuasi. Na mzito akiwekwa na mwenye kasi, mzito huchangamka. Kwa hiyo ile nguvu ya umoja haikuwa mvua inayowanyea wote sawa. Ilikuwa na pa kuanzia.

Sina budi kutaja na hili. Mwezi Julai mwaka 1937 majeshi ya Japani yalianzisha mapigano kwenye daraja la Marco Polo, nje kidogo ya Peking, na mji ukaangukia mikononi mwao. Chuo cha Tsinghua kikahama na walimu na wanafunzi wake, kwanza Changsha, kisha Kunming, mwendo mrefu mno. Wakati dunia inasoma habari za nani huanza kuchimba na nani hufuata, watu wa chuo hicho walikuwa wenyewe njiani, na bila shaka kati yao wako waliotangulia kufunga mizigo na wako waliosubiri mpaka dakika ya mwisho. Sisimizi wa Chen walikuwa na chupa. Wao hawakuwa nayo.

MAJI MOTO WA PWANI

Historia hii inapita nyumbani pia. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kukwea mwembe anawajua maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Jina lao linatosha, halihitaji maelezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa wadudu Michael Way alikuwa Zanzibar akichunguza kwa nini nazi changa zinaanguka kabla ya wakati. Chanzo kilikuwa mdudu anayefyonza maji ya nazi, ambaye baadaye alipewa jina la kitaalamu lenye jina la Way mwenyewe. Na dawa ilikuwa palepale mtini: mnazi wenye maji moto wengi hauugui sana, kwa kuwa hao hawamvumilii mgeni. Shida ni kwamba sisimizi wengine wa chini wakizidi nguvu, huwafukuza maji moto, na mkulima hubaki na hasara.

Katika miaka ya 1970, Bert Hölldobler na Edward O. Wilson waliwachunguza maji moto wa Shimba Hills, kule Kwale. Hao wawili ndio waliokuja kuandika kitabu kikubwa cha sisimizi cha mwaka 1990, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Miongoni mwa maji moto tofauti inaonekana kwa macho: wakubwa hutoka nje kuwinda na kupigana, wadogo hubaki ndani kulea mabuu. Lakini tofauti ya kuvutia zaidi ni ile ya wakati wa kujenga. Hakuna fundi mkuu anayesema tukunje jani lile. Maji moto hutawanyika juu ya majani, kila mmoja anavuta ukingo wake kivyake. Wengi hawafanikiwi. Ghafla mmoja anafaulu kulikunja jani kidogo. Walio karibu wanaacha ya kwao, wanakuja kushika pamoja naye. Jani likizidi kuja, wanazidi kuja watu. Wakishalileta majani mawili karibu, wengine wanaleta mabuu yao mdomoni, na hariri ya mabuu hayo ndiyo uzi wa kushonea.

Sasa niambie, nani aliamua nyumba ijengwe kwenye jani lile? Si malkia; malkia yuko mbali anataga mayai. Si "wote", wote walikuwa wanavuta majani tofauti. Aliamua aliyefaulu kidogo kabla ya wengine, pamoja na wale waliokuwa tayari kuacha la kwao. Ukiniuliza nani muhimu zaidi kati ya hao wawili, sijui kama swali lenyewe lina maana.

WALIOPOTEA NJIA

Ubelgiji nako, mjini Brussels, walikuwako watu waliopenda makosa. Mwaka 1983 Jean-Louis Deneubourg na wenzake walitoa hoja iliyoonekana kama utani: kwamba sisimizi anayepotea njia ni mali. Sisimizi wengi huwekeana njia ya harufu chini, na anayefuata huiongeza. Wote wakiifuata bila kukosea, watakula chakula kilekile mpaka kiishe, na kilichoanguka hatua tatu pembeni hakuna atakayekiona. Anayekosea ndiye anayekigundua.

Baadaye wakajenga daraja lenye njia mbili, fupi na ndefu, kati ya kiota na chakula. Sisimizi wa Argentina walianza kwa kubahatisha, huku na huku. Waliopita njia fupi walirudi mapema, harufu ikajaa upande huo haraka, na muda si muda karibu wote wakawa huko. Hakuna aliyepima, hakuna aliyelinganisha. Fikra hiyo ilimvutia Mwitaliano Marco Dorigo, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1992 aliitumia kufundisha kompyuta kutafuta njia fupi.

Lakini daraja hilo lina upande wa pili ambao hausimuliwi sana. Njia mbili zikiwa sawa kabisa, kundi lote huishia upande mmoja kwa sababu tu wachache wa mwanzo walipita huko. Na ukiwapa njia ndefu peke yake kwanza, halafu nusu saa baadaye ukawafungulia fupi, wanang'ang'ania ile ndefu. Harufu imeshakuwa nzito. Kila mmoja anafuata kwa kuwa wengi wamefuata. Hapo ndipo umoja unapogeuka gereza, na wala halina askari mlangoni.

NYUMBA IMEVUNJIKA

Je, iko namna ya kuamua pamoja bila kunaswa hivyo? Iko, na wanaoijua ni sisimizi wadogo sana, wa milimita mbili tatu, wanaoishi katika nyufa za miamba kusini mwa Uingereza. Jina lao la kitaalamu ni Temnothorax albipennis. Kundi zima, la mia moja au mia chache, linaenea kati ya vipande viwili vya kioo cha hadubini. Nigel Franks na wenzake wa Bristol wamewachunguza kwa miaka mingi, na kazi yao ni rahisi kuieleza: wanaivunja nyumba, wanatazama.

Nyumba ikivunjika, si wote wanaotoka. Kama theluthi moja tu hutoka kutafuta makao. Wengine hubaki na watoto na malkia. Mpelelezi akiona pango, huingia akalipima. Namna ya kupima inashangaza: anatembea humo akiacha alama yake ya harufu, anatoka, anarudi tena, na kwa jinsi anavyokatiza njia yake ya kwanza mara nyingi au chache anajua kama chumba ni kidogo au kikubwa. Kisha anaamua: panafaa, au hapafai?

Akiridhika, anarudi nyumbani kumchukua mwenzake mmoja. Mmoja tu. Wanakwenda wawili, wa nyuma akimgusagusa wa mbele kwa papasi zake. Wa nyuma akibaki nyuma, wa mbele anasimama kumsubiri. Ni mwendo wa taratibu, lakini yule wa pili anajifunza njia. Mwaka 2006 Franks na Tom Richardson walisema waziwazi kuwa huko ni kufundisha, kufundisha kwelikweli. Na mwanafunzi akifika hakubali tu kwa kuwa ameletwa. Anapima mwenyewe. Akiridhika, naye anakwenda kumleta wake.

Wakishakuwa wengi kiasi fulani katika pango jipya, yaani akidi ikitimia, mambo yanabadilika. Hakuna tena kuongozana pole pole. Sasa wanawabeba waliobaki, watoto, malkia, kila mtu, kwa kasi ya mara tatu ya ule mwendo wa kwanza. Mjadala umekwisha, sasa ni kuhama.

Basi tofauti za mtu mmoja mmoja ziko wapi? Ziko katika lile neno "akiridhika". Sisimizi hawaridhiki sawa. Yuko anayekubali pango lolote lenye paa. Yuko mgumu, anaingia, anatoka, anakwenda kutafuta tena. Mwaka 2008 watafiti waliweka pango baya karibu na pango zuri mbali, umbali wa mara tisa. Makundi mengi yalifika lile zuri. Ilidhaniwa lazima wako wanaoyaona yote mawili na kuyalinganisha. Mwaka 2009 Elva Robinson na wenzake wakawabandika sisimizi vifaa vya redio vya nusu milimita, wakafuatilia kila aliyeingia na kutoka. Wakaona kulinganisha hakuhitajiki. Waliofikia baya kwanza walielekea zaidi kuondoka na kuendelea kutafuta. Waliofikia zuri walielekea kutulia. Mwaka 2011 watafiti hao wakaonyesha kwamba inatosha kila mmoja awe na kipimo chake mwenyewe, hiki cha juu, kile cha chini. Hesabu za kompyuta za Naoki Masuda na wenzake, mwaka 2015, zikakubali kwamba kundi lenye vipimo mchanganyiko linaweza kuchagua vizuri kwa njia hiyo.

Tafakari jambo hilo. Wakiwa wote wepesi wa kuridhika, wangehamia shimo la kwanza. Wakiwa wote wagumu, wangefia barabarani wakitafuta kasri. Mwepesi anahakikisha kundi halikosi pa kulala usiku huo. Mgumu anahakikisha wasilale pabaya milele. Na hakuna kati yao anayejua kuwa yeye ni mwepesi au mgumu. Kila mmoja anadhani anapima pango tu.

Marekani nako, Takao Sasaki na Stephen Pratt wa Arizona walifanya jambo ambalo wapenda mikutano wanapaswa kulisikia. Mwaka 2012 walionyesha kwamba sisimizi mmoja akipewa mapango mawili anachagua vizuri, lakini akipewa manane anachanganyikiwa, wakati kundi zima halichanganyikiwi, kwa sababu hakuna mmoja anayelazimika kuyaona yote. Mwaka 2013 wakaonyesha upande wa pili. Tofauti kati ya mapango ikiwa ndogo, kundi linamzidi mmoja. Tofauti ikiwa kubwa na wazi, kundi halimzidi. Jambo likiwa peupe, kikao hakiongezi kitu.

NA WALE WANAOKAA TU

Nimewaacha wa mwisho makusudi. Katika makundi ya sisimizi hao wa miambani, wako wanaokaa tu. Hawalei, hawatafuti, hawajengi. Daniel Charbonneau na Anna Dornhaus wa Tucson waliwatia rangi na kuwapiga picha siku hadi siku, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wafanyakazi muda mwingi hawafanyi lolote. Mvivu wa Mithali angefurahi!

Lakini mwaka 2017 walichapisha jaribio lao. Waliondoa asilimia 20 ya wenye bidii kupita wote. Ndani ya juma moja, waliokuwa wanakaa tu wakainuka, wakashika kazi, na kundi likaendelea kama zamani. Halafu wakafanya kinyume: wakaondoa wanaokaa. Nafasi zao hazikujazwa. Hakuna mchapakazi aliyegeuka mkaaji. Kumbe wale walikuwa akiba. Walikuwa wanasubiri siku ambayo hakuna aliyeiomba.

Sisi tuliomaliza kidato cha nne tukabaki vijiweni tunasikia kila siku tunavyoitwa. Siandiki haya ili nijitetee kwa sisimizi. Sisimizi ni sisimizi. Hana kodi ya chumba, hana mama anayemuuliza leo umepata nini. Na mtu anayesubiri bila kujua anasubiri nini anaumia, jambo ambalo halijaonekana katika picha za Tucson. Nasema tu kwamba aliyewahesabu sisimizi siku moja na kuondoka aliandika "wavivu", na aliyekaa mpaka wenzao walipoondolewa aliandika neno lingine. Tofauti haikuwa katika sisimizi. Ilikuwa katika subira ya mwandishi.

MLANGO WA TATU

Turudi basi kwenye milango yetu. Miaka zaidi ya mia mbili kutoka Huber hadi leo imeonyesha kwamba kundi linaamua kwa sababu halifanani. Linahitaji aliyeanza kuchimba, aliyebomoa dari, aliyepotea njia, aliyeacha jani lake, aliyekataa pango, aliyekaa tu. Ukimwondoa mmoja wa aina hizo hutaona kitu leo. Utaona siku nyumba ikivunjika.

Lakini Forel tusimsahau. Aliona tofauti akataka kuzipanga: hawa wanafaa, hawa hawafai. Sisimizi wenyewe hawapangi hivyo. Hakuna aliyewahi kuwaona wakimfukuza mpelelezi wao kwa kuwa ni mgumu wa kuridhika. Tofauti kwao si cheo. Mchimbaji wa kwanza hapati ofisi, na mwepesi wa kuridhika hapewi jina baya. Anayetaka kutumia wadudu hawa kututangazia nani azaliwe na nani anyamaze, hajawatazama.

Kwa hiyo, wenzangu wa kalamu, mkifika kwenye ile sura ya mkutano wa kijiji, pale mzee mwenyekiti anapouliza kama tumekubaliana, msiandike haraka kwamba wote waliitikia. Mtafuteni aliyeitikia kwanza, na kwa nini alikuwa na haraka. Mtafuteni aliyenyoosha mkono baada ya kumwona jirani yake kanyoosha. Mtafuteni yule wa nyuma, karibu na mti, ambaye mkono wake ulibaki mfukoni. Hadithi yenu huenda inaanzia kwake, na huenda kijiji chenyewe siku moja kikamhitaji.